Falcon 9: Kwa Nini Kipande Kimoja cha Roketi Hurudi na Kingine Hakirudi

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, liliichukua na katika tathmini yake ya awali likasema ni pete ya kutenganishia vipande vya roketi. Picha zilisambaa, na likazuka swali la haki kabisa: si tunaambiwa roketi za siku hizi hurudi zenyewe na kutua wima kwa miguu yake? Sasa chuma hiki kimetoka wapi?

Ukweli ni kwamba hakuna roketi inayofanya kazi ya kila siku ya kupeleka mizigo obiti ambayo hurudi ikiwa nzima. Hata Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, iliyotua mara nyingi kuliko roketi nyingine yoyote, hurudisha sehemu tu ya mwili wake. Sehemu nyingine huachwa ipotee. Wapo wanaodhani huo ni upungufu ambao wahandisi hawajaweza kuuondoa, na wapo wanaodhani kutua kwenyewe ni mchezo wa kamera. Yote mawili yanaondoka mtu akishaifuata hesabu iliyo nyuma yake, na hesabu hiyo haihitaji digrii.

Tuanze na obiti, kwa sababu kosa kubwa linaanzia hapo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kazi ya roketi ni kwenda juu. Kwenda juu ni sehemu ndogo ya kazi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu ya ardhi. Kungekuwa na barabara ya kupanda huko, ungefika kabla ya msafiri wa Nairobi kumaliza safari ya Mombasa. Ugumu uko kwenye kubaki huko. Kitu chochote kikiachiwa kinaanguka takriban mita 5 katika sekunde yake ya kwanza. Dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, uso wake huinama kama mita 5 kwa kila kilomita 8. Basi kitu kikisafiri sambamba na ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde, kinapoanguka mita 5 ardhi nayo inakuwa imeinama mita 5. Kinaendelea kuanguka bila kufika chini. Hiyo ndiyo obiti: njia ya kuizunguka Dunia kwa kuanguka daima. Kwa saa ni kilomita zipatazo 28,000.

Kwa hiyo wanaanga wanaoelea ndani ya chombo hawajatoka nje ya mvutano wa Dunia. Kwa kimo hicho mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule tunaousikia hapa chini. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

Roketi ni chombo cha kuipa mzigo kasi hiyo. Husukumwa mbele kwa kutupa gesi nyuma kwa nguvu kubwa, na haiegemei hewa wala ardhi, ndiyo maana hufanya kazi hata pasipo na hewa. Na kwa kuwa juu hakuna oksijeni ya kuwashia mafuta, hubeba oksijeni yake yenyewe. Hapo ndipo uzito unapoanzia. Falcon 9 ikiwa tayari kuruka ina urefu wa mita 70 na uzito wa tani 549, na zaidi ya tani 500 kati ya hizo ni mafuta na oksijeni. Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya taa, ila yamesafishwa zaidi. Oksijeni imepozwa ikawa kimiminika cha nyuzi 207 chini ya sifuri, maana inavyozidi kupoa ndivyo inavyojibana na ndivyo nyingi zaidi inavyoingia kwenye tangi. Mzigo wenyewe, ule ambao mteja amelipia, haufiki asilimia 5 ya uzito wote.

Vipande viwili na kofia

Ukikitazama chombo hiki kutoka chini, sehemu kubwa unayoiona ni kipande cha kwanza: matangi mawili marefu na injini tisa zinazoitwa Merlin, nane zimepangwa duara na moja katikati. Juu yake kuna kipande cha pili, kifupi, chenye injini moja ya aina hiyohiyo iliyofanyiwa mabadiliko ili ifae mahali pasipo na hewa. Juu kabisa kuna kofia, maganda mawili yanayoufunika mzigo usichomwe na hewa wakati wa kupanda.

Kipande cha kwanza hufanya kazi kwa dakika mbili na nusu hivi. Huipandisha roketi yote kupita sehemu nzito ya hewa, hadi kimo cha kilomita 70 au zaidi kidogo, halafu kinaachana na cha pili. Kipande cha pili kinawasha injini yake na kuusukuma mzigo hadi obiti. Kofia, ikishafika mahali ambapo hewa ni haba, inafunguka na kuanguka.

Kinachorudi ni kipande cha kwanza, pamoja na maganda ya kofia ambayo hushuka kwa parachuti na kuokotwa baharini. Kipande cha pili hakirudi.

Kwa nini? Kwanza, angalia kasi. Wakati wa kuachana, roketi inayokwenda kutua baharini huwa na kasi ya kama kilomita 8,000 kwa saa, na inayorudi nchi kavu huwa na pungufu ya hapo. Kipande cha pili kinamaliza kazi kikiwa na kilomita 28,000. Unaweza kudhani tofauti ni mara tatu na nusu, lakini nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: mara tatu na nusu ya kasi ni zaidi ya mara kumi na mbili ya nishati, kwa kila kilo. Nishati hiyo yote lazima iende mahali pale kitu kinapoirudia hewa, na inageuka joto. Kipande cha kwanza kinaweza kulihimili joto lake kwa kuwasha injini na kupunguza mwendo. Kipande cha pili kingehitaji ngao kamili ya joto, miguu, mapezi na akiba ya mafuta.

Pili, angalia uzito. Fikiria msafara unaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, wote wakifanya kazi ili mtu mmoja afike kilele cha Uhuru. Mgumu, yaani mpagazi, anayebeba mzigo hadi kambi ya kwanza na kugeuka kesho yake, akiba yake ya kurudia haimsumbui mtu aliye juu. Lakini mtu akisema anataka jiko la kilo 10 lifike kileleni, kilo hizo zitapandishwa kutoka langoni siku hadi siku. Wanaozibeba watakula, chakula chao kitabebwa na wengine, na hao wengine nao watakula. Roketi iko hivyohivyo. Kilo moja ikiongezwa kwenye kipande cha kwanza, mzigo wa mteja hupungua kwa sehemu ndogo tu ya kilo, kwa kuwa kipande hicho huishia njiani. Kilo moja ikiongezwa kwenye kipande cha pili, ambacho hufika obiti pamoja na mzigo, mteja hupoteza kilo nzima. Ngao ya joto ya tani kadhaa huko juu ingekula tani kadhaa za mzigo.

Tatu ni fedha. Kwa maelezo ya Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, kipande cha kwanza hubeba karibu asilimia 60 ya gharama ya roketi, cha pili asilimia 20, na kofia asilimia 10. Injini tisa dhidi ya moja. Mtu haoni ajabu.

Ukiyaweka pamoja unaona jinsi mambo yalivyoangukia vizuri. Kipande kilicho ghali zaidi ndicho kilicho na mwendo mdogo zaidi, na ndicho ambacho kukiongezea uzito hakuumizi sana. Kurudisha kipande hicho peke yake ni kuokoa sehemu kubwa ya fedha kwa sehemu ndogo ya tabu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo werevu wa Falcon 9, kuliko hata kwenye ule mteremko wa moto ambao video zake zimetushangaza wote.

Dakika sita za kurudi

Mteremko wenyewe, hata hivyo, unastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu kila kifaa kilichomo kinajibu tatizo fulani.

Kipande cha kwanza kikishaachana na cha pili hakianguki papo hapo. Kwa kasi kiliyokuwa nayo kinaendelea kupanda hadi kupita kilomita 100, huku kikijigeuza kwa vijibomba vya gesi ya naitrojeni ili injini zitangulie. Ikiwa mzigo ulikuwa mwepesi na mafuta yamebaki ya kutosha, injini tatu zinawaka na kukirudisha kilikotoka, kikatue nchi kavu. Ikiwa mzigo ulikuwa mzito, hakuna mafuta ya anasa hiyo. Kinaachwa kiende mbele kinakokwenda, na mamia ya kilomita baharini kunakuwa na tishari, jahazi bapa lisilo na watu, linalokingoja.

Kinaporudi kwenye hewa, injini tatu zinawaka tena kwa muda mfupi. Hatua hii hupunguza mwendo, na gesi zinazotoka mbele yake hukikinga kisichomwe. Majaribio ya kwanza kabisa ya SpaceX, kwenye safari mbili za mwanzo za Falcon 9 mwaka 2010, yalitegemea parachuti bila hatua hii, na vipande vya kwanza vya safari zote mbili vilivunjika hewani kabla ya parachuti kupata nafasi ya kufunguka. Kwa hiyo wale wanaouliza kwa nini wasitumie parachuti tu kama watu wengine, walishajaribu.

Halafu kinateremka kikiongozwa na mapezi manne yaliyo karibu na ncha ya juu. Mapezi haya yamesukwa kama wavu ili hewa ipite ndani yake, na kila moja hujipindisha kivyake. Ya mwanzo yalikuwa ya aluminiamu na yalikuwa yakiungua. Tangu mwaka 2017 yakaanza kutengenezwa kwa titani, metali inayohimili joto zaidi.

Mwisho injini moja ya katikati inawaka kwa ajili ya kutua, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kipande hiki kikiwa kimekwisha mafuta kina uzito wa tani zipatazo 25. Injini moja ya Merlin, hata ikipunguzwa hadi nguvu yake ya chini kabisa, bado inasukuma kuliko uzito huo. Maana yake roketi hii haiwezi kuelea hewani ikitafuta mahali pa kutua kama helikopta inavyofanya. Ikisimama, itaanza kupanda tena. Inabidi iwashe injini kwa wakati uliopigiwa hesabu, ili mwendo ufike sifuri palepale miguu inapogusa sakafu. Ikiwahi, itasimama ingali juu, na injini ikizimwa hapo itaanguka. Ikichelewa, itajibamiza. Kompyuta iliyo ndani yake hupiga hesabu hizo upya mara kwa mara inapoteremka. Hakuna rubani, wala mtu aliyeshika usukani ardhini. Miguu minne ya nyuzi za kaboni hufunguka sekunde chache kabla ya kugusa. Tangu kuruka hadi kutua zimepita dakika nane au tisa.

Hapo ndipo unapoona kwa nini injini ziko tisa. Roketi nyingi za enzi zile zilikuwa na injini moja au mbili kubwa, na injini kubwa haiwezi kupunguzwa nguvu kiasi cha kukishusha taratibu kipande ambacho kimeshakuwa chepesi. Ukiwa na tisa ndogo unazizima nane na kubaki na moja. Faida nyingine ilionekana Oktoba 2012, wakati injini moja ilipozimika sekunde 79 baada ya kuruka na zile nane zikafikisha shehena kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Setilaiti ndogo iliyopanda pamoja na shehena hiyo ndiyo iliyopata hasara, haikufikishwa kwenye obiti yake.

Watu wanaoishi karibu na maeneo ya kutua hulindwa na utaratibu ambao ningependa uwe unasimuliwa zaidi. Kipande kinaporudi nchi kavu huwa kimeelekezwa baharini, kando ya ufukwe. Hadi injini ya kutua iwake na kuonyesha kwamba mambo ni mazima, ndipo hujisogeza kuelekea uwanjani. Desemba 2018 pampu inayoendesha mapezi ilikwama, kipande kikaanza kuzunguka kama pia, na kwa kuwa kilikuwa bado kimeelekezwa majini, kikashukia baharini karibu na pwani ya Florida bila kumdhuru mtu.

Wanaosema video ni za kutengenezwa, au kwamba ni video ya kuruka iliyochezwa kinyumenyume, wanasahau kwamba matukio haya hufanyika hadharani. Florida watu hupanga viti ufukweni kutazama, na sauti ya kuvunja mwendo wa sauti husikika majumbani. Kipande kikirudi kutoka baharini huingizwa bandarini Port Canaveral mchana kweupe, kimesimama juu ya tishari, kimejaa masizi ya moshi wake wenyewe. Na mafanikio hayakuja kwa siku moja. Januari 2015 kimoja kiliishiwa mafuta ya haidroli yanayosukuma mapezi kikajibamiza kwenye tishari. Aprili mwaka huohuo kingine kiligusa sakafu kikapinduka. Desemba 21, 2015 ndipo kimoja kilipotua salama nchi kavu Cape Canaveral, na Aprili 8, 2016 kikatua kingine juu ya tishari. Machi 30, 2017 kipande kilichokwisha kutumika kiliruka tena na kurudi tena. Kufikia mwisho wa 2025 kutua kulikofanikiwa kumepita 500.

Je, roketi iliyotumika ni ya kuaminika?

Aprili 15, 2023 asubuhi, kwa saa za Nairobi, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, kwa Falcon 9 kutoka kituo cha Vandenberg, California. Kipande cha kwanza kilichoibeba kilikuwa kinaruka kwa mara ya kumi. Kabla ya hapo kilikuwa kimebeba Sentinel-6 Michael Freilich, setilaiti ya kupima kimo cha bahari, na DART, chombo cha NASA kilichokwenda kugonga kimondo kwa makusudi, pamoja na shehena saba za setilaiti za Starlink, mtandao wa intaneti wa SpaceX. Kilipomaliza kazi ya Taifa-1 kilirudi na kutua palepale Vandenberg.

Kama kuna Mkenya aliyeona haya kwamba setilaiti ya nchi ilipandishwa kwenye roketi ya mtumba, namwomba aliangalie jambo hili kwa upande mwingine. Kipande kilichokwisha ruka kimeshapimwa na safari yenyewe. Kasoro ya kiwandani ya aina ile inayojitokeza mara ya kwanza kifaa kinapopata joto, mtikisiko na shinikizo la kweli, ingekuwa imeshajionyesha. NASA, ambayo mwanzo ilisita, tangu Aprili 2021 imepeleka wanaanga kituoni kwa vipande vilivyokwisha tumika. Agosti 2025 kipande kimoja kiliruka kwa mara ya 30.

Hilo halimaanishi kwamba Falcon 9 haiharibiki. Juni 2015 ilipasuka hewani baada ya kishikizo cha tangi la heliamu kukatika. Septemba 2016 iliteketea uwanjani, kabla hata ya kuruka, pamoja na setilaiti ya mteja. Julai 2024 oksijeni ilivuja na setilaiti 20 za Starlink zikaachwa chini mno, zikaungua. Lakini chunguza matukio hayo matatu: yote yalianzia kwenye kipande cha pili, ambacho kila safari ni kipya.

Bei, na nani anafaidi

Kutua si bure. Mafuta yanayowekwa akiba ya kurudia, miguu na mapezi, vyote hula nafasi ya mzigo. Falcon 9 ikitupwa yote inaweza kupeleka tani 22.8 kwenye obiti ya chini. Kipande cha kwanza kikirudi kutua baharini, mizigo mizito iliyokwisha pelekwa ni ya tani 17 na nusu hivi. Kwa hiyo swali la mfanyabiashara ni kama fedha inayookolewa inazidi mzigo unaopotea. Musk alisema mwaka 2020 kwamba kwa hesabu zao gharama hurudi kufikia safari ya pili na faida huonekana kufikia ya tatu. Washindani wao wa kampuni ya ULA walisema inahitaji kama safari kumi. Ubishi huo ulikuwa na maana wakati kipande kilipokuwa kikiruka mara mbili au tatu. Kikifika safari ya 30, pande zote mbili za ubishi zimeshapitwa.

Lililo gumu zaidi kuelezwa ni kwamba bei kwa mteja haikuporomoka kama wengi walivyotarajia. Bei ya kutangazwa ya Falcon 9 ilikuwa dola milioni 62, na mwaka 2022 ikapanda hadi milioni 67. Akiba kubwa ilibaki ndani ya kampuni, ambayo ilikosa mshindani wa kuilazimisha ishushe. Ilitumika kurushia mtandao wake wa Starlink, ambao ndio hupewa safari nyingi kati ya zile zaidi ya 130 zilizofanyika mwaka 2024. Hapa Afrika Mashariki faida tuliyoiona ya roketi kurudi ni hiyo zaidi kuliko nyingine: maelfu ya setilaiti ambazo hakuna ambaye angeweza kugharamia kuzirusha kama kila safari ingeteketeza injini kumi.

Kipande kisichorudi

Turudi kwenye chuma kinachoanguka. Sitasema pete ya Mukuku ilitoka kwenye Falcon 9. Naizungumzia kwa kuwa ndiyo iliyoleta swali. Kipande cha pili kikishauacha mzigo obiti, njia iliyo safi ni kuwasha injini mara ya mwisho na kukielekeza kiungulie juu ya bahari isiyo na watu. Kwa Falcon 9 huo ndio utaratibu wa kawaida katika safari za obiti ya chini. Lakini injini ikigoma, au safari ikiwa ya obiti ya mbali ambako mafuta yamekwisha, kipande hubaki kikizunguka na kushushwa pole pole na hewa nyembamba ya juu, kisha kinaangukia popote. Februari 19, 2025 kipande cha pili cha Falcon 9 kilirudi bila kuongozwa juu ya Poland, na matangi yake yakaokotwa karibu na mji wa Poznań. Matangi ya namna hiyo, kwa kuwa yameumbwa kustahimili shinikizo kubwa, ndiyo huwahi kufika ardhini yakiwa mazima.

Dawa ya kudumu ni kurudisha na kipande cha pili. Chombo kikubwa cha SpaceX kiitwacho Starship kinajaribu hilo, na kimevikwa maelfu ya vigae vya kuzuia joto. Ni cha ukubwa ambao unakiwezesha kumeza uzito wa ngao na bado kibakiwe na mzigo. Kingali kwenye majaribio. Upande wa kipande cha kwanza, SpaceX haiko peke yake tena: Novemba 2025 kampuni ya Blue Origin ilitua kipande cha kwanza cha roketi yake New Glenn kwenye chombo baharini, na Wachina wanalikimbilia jambo hilohilo.

Huwa naulizwa pia: kwa kuwa Kenya iko kwenye Ikweta, si turushe wenyewe kwa bei nafuu? Historia ipo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, roketi za Scout za Marekani zilirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, zikiwemo Uhuru ya Desemba 12, 1970, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilirushwa siku ya sherehe za uhuru wa Kenya. Ikweta kweli inasaidia: ardhi hapo huzunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi huanza safari ikiwa nayo. Ila Cape Canaveral inapata 1,470. Tofauti ya 200 katika 28,000 haiamui mambo. Na setilaiti kama Taifa-1, inayopita karibu na ncha za Dunia, haifaidiki chochote na mzunguko huo.

Linaloamua ni wingi wa safari. Roketi inayorudi ina gharama zake za kudumu: kiwanda, matishari, wahandisi wanaokagua kila kipande kinaporudi. Gharama hizo hulipika ikiwa kipande kinaruka kila mwezi. Nchi inayorusha setilaiti moja kila baada ya miaka kadhaa haina kazi ya kukipa chombo kama hicho, na hilo halina aibu. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya, ikapanda pamoja na mizigo mingine 50 iliyochanga nauli ya safari moja. Falcon 9 nzima, kwa bei iliyotangazwa, ingekuwa karibu shilingi bilioni 9.